Fuata Wavuvi: Pwani ya Jamaica kwa Mfuko Mdogo

Pwani ya Jamaica ina bei mbili. Bei ya kwanza ni ya hoteli kubwa za kaskazini, ambazo mgeni huzilipia kila kitu kabla hajatoka kwake, yaani kitanda, chakula, vinywaji na ufukwe wenyewe, na wengi hukaa ndani ya uzio huo mpaka siku ya kurudi uwanja wa ndege. Bei ya pili ni ya wenyeji, nayo haiandikwi kwenye matangazo: ni nauli ya teksi ya kuchangia, chumba katika nyumba ya wageni ya familia, na samaki anayepimwa kwenye mzani mbele ya macho yako. Mimi na mume wangu, watu wa Tanga tunaoishi Toronto kwa mishahara ya kawaida, tulikizunguka kisiwa hicho Mei 2025 kwa bei hiyo ya pili, na tulirudi na imani moja ambayo ningependa kuieleza kwa kirefu: anayetaka kuijua pwani ya Jamaica kwa fedha kidogo, na kula vizuri, awafuate wavuvi.

Imani hiyo ina mzizi katika sheria ya nchi. Mwaka 1956, miaka 6 kabla ya uhuru, ilitungwa Sheria ya Udhibiti wa Fukwe, ambayo iliiweka sehemu ya ufuo inayofunikwa na maji ya bahari, pamoja na sakafu ya bahari, chini ya Taji la Uingereza. Sheria hiyo haikumpa mwananchi haki ya jumla ya kuogelea wala ya kukatiza ardhi ya mtu ili afike baharini, na mpaka leo kuna wanaharakati Wajamaika wanaoipinga mahakamani na barabarani. Hata hivyo iliwabakishia wavuvi wa kazi haki walizokuwa nazo kabla ya Juni 1956. Sidhani, basi, kwamba ni bahati tu kuwa ukipita barabara ya pwani ya kaskazini unakuta ukuta mrefu, kisha pengo, na ndani ya pengo hilo kuna mashua zilizopakwa rangi, madema ya waya na fito za mikoko, na mama mmoja anayekaanga samaki. Mapengo hayo ndiyo yaliyokuwa ramani yetu.

Mwezi wa Mei tuliuchagua kwa hesabu. Bei za vyumba hupanda kuanzia katikati ya Desemba hadi katikati ya Aprili, wakati watu wa Marekani na Canada wanapokimbia baridi, na msimu wa vimbunga huanza rasmi tarehe 1 Juni. Katikati yake kuna wiki chache ambazo ndege za moja kwa moja kutoka Toronto kwenda Montego Bay, safari ya takriban saa nne, huwa na nafasi, na mwenye nyumba ya wageni huwa tayari kuzungumza. Isitoshe, Mei ndiyo mwanzo wa maembe.

Montego Bay yenyewe sitaieleza sana. Ufukwe wake maarufu wa Doctor's Cave, unaomilikiwa na klabu iliyoanzishwa mwaka 1906, unalipiwa kiingilio, na mtaa wa mbele yake umejengwa kwa ajili ya mgeni wa kupita. Tulilala, tukabadilisha fedha (dola moja ya Marekani ilikuwa na thamani ya karibu dola 160 za Jamaica), na asubuhi tukaenda stendi.

Usafiri ndio unaoamua kama safari hii itakuwa rahisi au ghali, kwa hiyo nitauzungumzia kwa makini. Teksi za kuchangia za Jamaica hutambulikana kwa kibao chekundu cha namba, hufuata njia maalumu kati ya mji na mji, na nauli yake imepangwa. Nyingi ni Toyota Probox, gari lilelile ambalo msomaji wa Afrika Mashariki amelipanda akielekea kijijini, na magari huko hupita upande wa kushoto vilevile. Gari haliondoki mpaka lijae. Anayeingia husalimia kwanza, habari za asubuhi kwa wote waliomo, ndipo akae. Mgeni anayeketi kimya huonekana hana adabu, na mgeni anayesalimia huanza kuelekezwa, kusaidiwa mizigo na kuambiwa nauli ya kweli na abiria wenzake. Teksi ya kukodi kutoka mlango wa hoteli hadi Port Antonio ingetugharimu fedha nyingi. Sisi tuliunganisha: Falmouth, Ocho Rios, Oracabessa, Port Maria, Annotto Bay, kisha Port Antonio, na kila tulipobadilisha gari tulikula kitu.

Oracabessa tulisimama kwa muda mrefu kidogo kwa sababu ya samaki. Wavuvi wa ghuba hiyo wanashiriki katika hifadhi ya samaki ambamo hakuna anayeruhusiwa kuvua, na baadhi yao ndio walinzi wake. Miamba ya matumbawe ya Jamaica imevuliwa kupita kiasi kwa miaka mingi, na tatizo moja kubwa ni kuvuliwa kwa pono, samaki anayekula mwani unaoisonga miamba. Akimalizwa, mwani hutawala. Baada ya mazungumzo ya ufukweni pale hatukuagiza pono tena popote, ingawa ni samaki wa bei nafuu na hukaangwa vizuri. Kwa sababu hiyohiyo hatukula kamba koche. Uvuvi wake hufungwa kuanzia tarehe 1 Aprili hadi 30 Juni ili wazaliane, na anayekuuzia kamba mbichi mwezi wa Mei anavunja sheria kwa fedha zako.

Wilaya ya Portland, yenye mji wa Port Antonio, ndiyo sehemu ya Jamaica niliyoipenda kuliko zote. Pepo za kaskazini-mashariki hutoka baharini zikiwa zimebeba maji, zinagonga milima ya Blue Mountains, ambayo kilele chake kina mita 2,256, na kuiachia mvua Portland. Kila kitu huko ni kibichi na kinaota juu ya kingine. Mvua hiyo ndiyo iliyoifanya Port Antonio kuwa mji wa ndizi. Katika miaka ya 1870 nahodha wa Kimarekani, Lorenzo Dow Baker, alianza kupeleka ndizi za Jamaica hadi Boston, Marekani, na biashara yake ikaja kuwa sehemu ya kampuni ya United Fruit iliyoundwa mwaka 1899. Watalii wa kwanza wa Portland walikuja ndani ya meli hizohizo za ndizi. Leo meli za ndizi zimekwisha, lakini ndizi mbichi za kuchemsha ziko kwenye kila sahani ya asubuhi, na katika soko la Musgrave katikati ya mji mkungu haukosekani. Chumba chetu kilikuwa na jiko dogo, na sokoni hapo tulinunua ndizi, mchicha, ambao Wajamaika huuita callaloo, vitunguu vya majani, thaimu, muhogo na maembe. Kwa wanandoa wenye bajeti ndogo, chumba chenye jiko kina thamani kuliko chumba chenye mandhari.

Maembe yana habari yake. Mwaka 1782 manowari za Uingereza ziliiteka meli ya Ufaransa iliyokuwa ikibeba miche kutoka Mauritius kwenda Saint-Domingue, yaani Haiti ya leo, na miche hiyo ikapelekwa Jamaica ikapandwa. Aina moja inayoliwa mpaka leo inaitwa Number Eleven, kwa kuwa mche wake ulikuwa na kibandiko cha namba 11. Ni embe dogo lenye nyuzi, linalouzwa barabarani kwa bei ya chini kuliko aina za Julie na Bombay, na kwangu ndilo lenye ladha ya embe la nyuma ya nyumba. Nilipokuwa nalimenya kwa meno pembeni ya barabara ya Portland, nilifurahi kujua kwamba njia yake ilianzia Bahari ya Hindi.

Mashariki ya Port Antonio kuna ufukwe wa Winnifred. Serikali ilipotaka kuukabidhi kwa wawekezaji, wakazi wa Fairy Hill walikataa, wakaenda mahakamani, na mwaka 2014 haki ya umma ya kuutumia ikatambuliwa. Matokeo ya ushindi huo unayaona kwa macho: watoto wa shule, bibi waliokuja na masufuria yao, vijana wa kucheza mpira, miti mikubwa ya mkungu kandokando ya mchanga, na vibanda vya chakula ambavyo wenye navyo ndio walioulinda ufukwe. Wanaomba mchango mdogo wa usafi. Tulikuwa na nafasi ya kwenda Frenchman's Cove, ambao ni mzuri na una mto unaoingia baharini, lakini ni wa kulipia. Siku zetu nyingi za Portland tulizimalizia Winnifred, tukila changu aliyepikwa kwa tui.

Mbele kidogo ni Boston Bay, na hapa naomba msomaji anivumilie, kwa kuwa nyama ya jerk inafaa kuelezwa inavyopikwa na si kutajwa tu. Asili yake inahusishwa na Wamaroon, Waafrika waliotoroka utumwani wakajenga vijiji milimani, wakawinda nguruwe mwitu, na wakapigana na Waingereza mpaka Waingereza wakalazimika kutia saini mikataba nao, wa kwanza mwaka 1739. Moore Town, mji wao, uko juu ya bonde la mto Rio Grande, nyuma ya Port Antonio. Boston Bay ndiko jerk iliposhuka ikawa chakula cha barabarani. Jiko lenyewe ni shimo refu la matofali lenye makaa chini. Juu ya makaa hupangwa fito mbichi za mpimento, zimebanana, na nyama hulala juu ya fito hizo, kisha hufunikwa kwa mabati. Mpimento ni wa ukoo mmoja na mkarafuu, na punje zake zilizokaushwa ndizo kiungo kikuu cha jerk. Lakini hapa Boston Bay mti wenyewe unaungua polepole chini ya nyama, ukitoa mafuta na moshi, na harufu yake inaingia kwenye nguo usiitoe siku hiyo. Nyama imelala usiku kucha katika viungo vilivyosagwa: punje za pimento, thaimu, vitunguu vya majani, tangawizi, chumvi, na Scotch bonnet, ambayo ni ndugu wa pilipili mbuzi na inawasha hivyohivyo. Mpishi huinua bati, huchukua kipande, hukiweka kwenye gogo, na kukikatakata kwa panga mifupa na yote, kwa mapigo ya haraka yasiyokosea. Unauliza bei ya uzito unaoutaka kabla panga halijashuka. Kwa upande wa nyama sisi hula kuku tu, na kuku wa Boston alikuwa mweusi nje, mwekundu kwenye mfupa, na mkavu kwa kiasi kinachofaa. Pembeni yake walitupa shelisheli la kuchoma na festival, vijiti vya unga wa ngano na mahindi vyenye sukari, vilivyokaangwa, ambavyo kazi yake ni kuituliza pilipili.

Shelisheli nalo halikufika kwa wema. Nahodha William Bligh aliileta miche yake kutoka Tahiti mwaka 1793, baada ya jaribio lake la kwanza kuvunjwa na uasi wa mabaharia, kwa kuwa wenye mashamba ya miwa walitaka chakula cha bei nafuu cha kuwalisha watumwa. Kwa hesabu hiyohiyo walinunua chewa aliyetiwa chumvi kutoka Newfoundland na Nova Scotia, wakichukua daraja la chini ambalo soko la Ulaya halikulitaka. Samaki huyo hakuondoka. Kila asubuhi Jamaica inamla pamoja na ackee, tunda lililotoka Afrika Magharibi, ambalo ganda lake ni jekundu na sehemu inayoliwa ni minofu ya rangi ya krimu yenye mbegu nyeusi. Ackee haiguswi mpaka ganda lake lipasuke lenyewe mtini, kwa sababu likiwa changa lina sumu inayoua. Mwenye nyumba yetu alilisafisha mbele yetu, akaondoa utando mwekundu wa ndani, akachemsha, akachanganya na samaki aliyelowekwa usiku, vitunguu, nyanya na pilipili, bila kukoroga kwa nguvu ili lisivunjike. Wapwani tunaojua ng'onda hatuhitaji kufundishwa kupenda samaki wa chumvi. Kilichonigusa ni kwamba sisi tumehamia nchi aliyotoka samaki yule, na hatukuwahi kumla kabla ya Jamaica.

Jumapili popote ulipo ni wali wa maharage uliopikwa kwa tui la nazi, thaimu na pilipili moja nzima isiyopasuliwa, na Krismasi maharage huachia nafasi mbaazi. Sitalinganisha na wetu. Nitasema tu kwamba mume wangu alisahau kuongea.

Kingston tulikaa kidogo, zaidi kwa ajili ya Hellshire, ufukwe wa wavuvi upande wa Portmore ambao wakazi wa jiji huenda mwisho wa wiki. Hapa ndipo penye samaki wa escovitch niliyemwona bora: unamchagua kwenye kasha la barafu, anapimwa, anapigwa mistari kwa kisu, anakaangwa mpaka mgongo ukauke, kisha anamwagiwa siki iliyochemshwa na vitunguu, karoti na pilipili. Huliwa na bammy, mkate mduara wa muhogo ambao Wataino, wenyeji wa kwanza wa kisiwa hicho, waliuoka kabla Columbus hajafika mwaka 1494, na ambao leo hulowekwa kwenye tui ndipo ukaangwe. Lakini Hellshire inaliwa na bahari. Matumbawe yaliyokuwa yakivunja mawimbi yameharibika, mchanga umechukuliwa, na vibanda kadhaa vimekwenda nao. Tulikaa mezani huku maji yakipita chini ya sakafu ya mbao. Wapishi wanazungumza juu ya hilo waziwazi, nao wanaendelea kukaanga kwa kuwa hawana ufukwe mwingine.

Kusini ni nchi nyingine. Mvua ya Portland haifiki kusini mwa wilaya ya St Elizabeth, udongo ni mwekundu, na wakulima hutandaza nyasi kavu juu ya matuta ili unyevu usikimbie. Kwa njia hiyo wanalisha soko la kisiwa kwa matikiti, nyanya na vitunguu. Treasure Beach ni ghuba kadhaa za wavuvi zilizofuatana, Billy's Bay, Frenchman's, Calabash na Great Bay, na hakuna hoteli kubwa hata moja yenye ukuta. Nyumba za wageni ni za familia. Kimbunga Beryl kilikuwa kimepita kusini mwa kisiwa mnamo tarehe 3 Julai 2024, na tulipofika, karibu mwaka mmoja baadaye, mafundi walikuwa bado juu ya mapaa. Tuliamka mapema kuzisubiri mashua. Anayenunua pale mchangani hulipa mvuvi mwenyewe, na kwa nyongeza ndogo jirani humpikia: changu wa mvuke pamoja na bamia, au makereli wa chumvi katika tui linalochemshwa mpaka litoe mafuta, na ndizi mbichi pembeni. Hicho cha pili kinaitwa run down, ni chakula cha watu wasio na kitu, na ndicho tulichokirudia zaidi.

Kutoka hapo Alligator Pond si mbali, ambako watu hula wakiwa wamekaa ndani ya mashua zilizoezekwa makuti, na kwenye barabara ya kurudi magharibi kuna Middle Quarters, kijiji ambacho wanawake husimama kando ya lami na mifuko ya kamba wa mtoni waliochemshwa kwa chumvi na pilipili mpaka wakawa wekundu. Ukiwala kwa vidole, midomo itawaka kwa nusu saa. Dereva wa teksi alisimama bila kuombwa, na abiria wote wakanunua.

Tarehe 28 Oktoba 2025 kimbunga Melissa, cha daraja la 5, kilitua upande huohuo wa kusini-magharibi. Black River, mji mkuu wa St Elizabeth, uliharibiwa vibaya sana, na wavuvi wengi wa wilaya hiyo na Westmoreland walipoteza mashua, injini na madema kwa pamoja. Tangu hapo watu wanaotufahamu wanatuuliza kama ni vyema kwenda Jamaica wakati kama huu, na kama wakienda wakae wapi. Jibu langu ni kwamba waende, na kwamba uchaguzi wa wapi fedha zitue una uzito zaidi sasa kuliko tulipokwenda sisi. Hoteli kubwa zina bima na makao makuu ng'ambo. Mama wa nyumba ya vyumba vitatu ana mapato ya wageni wake tu, na mvuvi anayejenga dema jipya ana mteja wa mchangani. Piga simu moja kwa moja kwa mwenye nyumba kabla ya kulipa, uliza kama maji na umeme vimerudi, uliza kama kuna jiko, na uliza kama mashua zinatoka. Ukitaka kamba koche, epuka Aprili, Mei na Juni. Ukiogopa vimbunga, nenda baada ya tarehe 30 Novemba, msimu unapofungwa rasmi, lakini kabla ya katikati ya Desemba, bei zinapopanda. Sisi tumeomba likizo zetu kwa wiki hizo.